Tulivyoyeyusha Fedha Uani kwa Bi Zuhura

Mwezi uliopita nilimwaga fedha ya mtu. Haikuwa nyingi, tone moja tu lililoruka nje ya kalibu, kile chuma cha kumiminia, kwa sababu mkono ulitetemeka nikimimina. Nililiokota, nikalisafisha, nikamkabidhi mwenyewe pamoja na mche wake, kisha nikazima moto nikijua ndiyo basi. Kazi hii haina ofisi ya kukuandikia barua ya kustaafu. Mkono ukianza kutetemeka, hiyo ndiyo barua.

Rehema na wenzio mnaobaki hapa uani, mmeniomba niandike kazi ilivyokuwa zamani, kabla ya hii mitungi yenu ya gesi mnayowasha kwa kidole kimoja. Haya, naandika. Mkitaka kujua kazi ilinipa nini, tazameni paa langu na mnyamaze. Mie nataka kuandika habari za Bi Zuhura, maana kila mnachoniona nikifanya nilikitoa kwake, hata huu ukali mnaousengenya nikishaingia ndani. Nausikia wote. Masikio hayajastaafu.

Nilifika Temeke miaka michache baada ya Uhuru, natoka Kilwa, nina miaka ishirini na minne, talaka ndani ya sanduku la bati. Nilifikia kwa shangazi yangu. Alikuwa mtu mwema, ila mtu mwema naye huchoka na mgeni. Siku ya tatu akaniambia jirani yake anatafuta mwanamke wa kuvuta mvukuto, mwenye mikono ya nguvu na asiyekuwa na maneno mengi. Mikono nilikuwa nayo.

Jirani mwenyewe ndiye Bi Zuhura. Alikuwa mjane wa umri wa miaka hamsini hivi, mwembamba, mrefu, mkononi ana bangili mbili nzito za fedha alizotengenezewa na mumewe walipooana. Mume alikuwa sonara katika duka moja la mjini. Mwenye duka hakutaka moshi dukani, kwa hiyo mapambo mabovu na ya kizamani yaliletwa Temeke, yanayeyushwa uani na kurudishwa mjini yakiwa miche, yaani vipande virefu vya fedha tupu mfano wa mche wa sabuni, ila vyembamba. Bi Zuhura ndiye aliyekuwa akivuta mvukuto. Mume alipofariki, mke akashika koleo. Watu wa mtaani walizoea kusema anaendeleza kazi ya marehemu. Mie nimekaa naye miaka mingi na sikuiona kazi ya marehemu pale. Niliona yake.

Siku ya kwanza nilikuta jiko la nusu pipa lililokandikwa udongo, makaa ya vifuu yamejaa gunia, na mvukuto wa ngozi ya mbuzi uliotiwa viraka mpaka ngozi ya kwanza haijulikani ipo wapi. Kijungu cha kuyeyushia kilikuwa kidogo kuliko kikombe cha chai. Mizani ilikuwa imefungwa kwenye kanga safi na kutundikwa juu ya kitanda chake, si uani. Nikamsalimu shikamoo, akaitika, akanionyesha kigoda.

"Unaitwa nani?"

"Somoe."

"Somoe, vuta polepole kama unavyopumua ukiwa umelala. Na usinitazame mie. Mie siyeyuki. Tazama kijungu."

Nikatazama kijungu kutwa. Nikaona fedha inavyokaa kimya muda mrefu, unadhani haitaki, halafu inalegea pembeni, inajikusanya, na mwisho inang'aa usoni kama kioo. Hapo Bi Zuhura alinyunyiza unga wa boraksi, akakoroga kwa kijiti kibichi, akafunika kwa vumbi la makaa. Kijiti kibichi na vumbi la makaa si uchawi. Fedha iliyo moto hunywa hewa, na ikipoa huitema, nayo ikitema inaruka na vipande vyake. Nina kovu shingoni la siku nilipojifanya najua zaidi ya kijiti.

Kalibu nayo ilipakwa mafuta ya nazi na kupashwa moto kabla ya kumimina, maana ukimimina fedha kwenye chuma chenye unyevu itakurudia usoni. Mkondo uwe mwembamba, mmoja, usikatike. Aliponimiminia mche wa kwanza mbele ya macho yangu, jamani, nilisahau mambo ya talaka. Mwanamke yule alisimama wima, koleo mkononi, wala bangili zake hazikugongana. Nilimpenda palepale, na niseme ukweli, nilimwonea wivu.

Wateja wetu walikuwa wanawake wa Temeke, wa Kinondoni, wengine kutoka Kawe, hata Segerea wakati ule ikiwa mashamba matupu. Walileta mikufu iliyokatika, herini zisizo na mwenzake, vidani vya bibi zao, na mafurungu, yale mapambo mazito ya kuvaa miguuni. Baada ya Azimio walizidi. Kijana mmoja wa chama alipita uchochoroni na kutuambia mapambo ni dalili ya ubwanyenye. Bi Zuhura akamuuliza kama mama yake anayo. Akasema anayo. Akamwambia basi akaanze na ubwanyenye wa nyumbani. Wiki iliyofuata alikuja na mkufu wa mama yake, umekatika, anaomba uunganishwe. Balozi wetu wa nyumba kumi naye alikuja kuuliza habari ya moshi, akaondoka na pete ya mkewe imenyooshwa.

Wengi hawakuwa na ubwanyenye wowote. Walitaka bati za kuezekea, au mzee amefariki na warithi ni wengi kuliko mapambo. Kidani huwezi kukigawa mafungu matatu. Mche unagawika. Kwa hiyo mirathi mingi ya Temeke ilipita kwenye kile kijungu kidogo, na Bi Zuhura alijua nani ananuniana na nani kabla ya shehe kujua.

Alikuwa na taratibu zake na hakuwahi kuziandika popote. Kila kipande kilisuguliwa kwenye jiwe jeusi na kudondoshewa asidi. Fedha huacha weupe wa maziwa, shaba hutoa povu la kijani. Kila kiungo kilikwanguliwa kwa tupa kutafuta madini ya risasi, maana mafundi wa vichochoroni walikuwa wakiunga fedha kwa risasi, na risasi kidogo tu inaharibu mche mzima. Nililijua hilo kwa kosa langu la mwaka wa kwanza. Niliacha kiungo kimoja cha herini, kidogo kama punje ya mtama, na mche ulipogongwa nyundo ukakatika kama biskuti. Bi Zuhura hakunigombeza. Alinipa ule mche uliokatika, akaniambia niusafishe mpaka upone. Ilinichukua siku nne. Mgombezo ungeisha kwa dakika tano, ningeuchagua huo.

Fedha ya mtu haikuchanganywa na ya mtu mwingine hata ikiwa chembe. Mche ukitoka, aligonga alama yake, nukta tatu pembeni. Na juu ya yote, hakikukatwa kitu mwenyewe hayupo. Mwenye mali anakaa kwenye mkeka, anaona pambo lake likipimwa, likikatwa, likiingia motoni, na hatoki mpaka mche upimwe. Akitaka kwenda msalani, moto unasubiri. Wanawake walipenda hilo. Wengine walilia kidogo pale mkekani, wakafuta macho, wakapokea mche wao wakaenda. Masonara wa mjini walikuwa wakipokea mapambo dirishani na kusema njoo kesho.

Mafurungu yalikuwa na utaratibu wake wa ziada. Mengine ni fedha tupu mpaka ndani. Mengine yana uwazi, na mafundi wa zamani waliyajaza sandarusi, ule utomvu mkavu wa rangi ya asali unaochimbwa huku pwani, ili yasibonyee mguuni. Kwa macho hutofautishi. Unaligonga kwenye fuawe, chuma cha kufulia, na kusikiliza. Lenye fedha tupu linalia. Lililojazwa linajibu kizito, kama mtu aliyefunikwa shuka. Hilo unalitoboa kwanza, likipasuka lipasuke maana linakwenda motoni, unatoa sandarusi yote mbele ya mwenyewe, ndipo unapima.

Sasa nakuja kwenye siku yangu.

Nilikuwa nimefanya kazi miaka kumi na nilijiona fundi. Miaka ya foleni ilikuwa imeanza, na asubuhi ile Bi Zuhura alikwenda duka la ushirika na kopo lake kutafuta mafuta ya taa. Aliniachia neno moja: watakuja watoto wa marehemu Bi Mwanaidi wa Kinondoni, wapokee, chambua, usipime mpaka nirudi.

Wakaja wawili, kaka na dada. Hamisi alikuwa karani bandarini, amevaa saa na aliitazama mara nyingi. Dada yake Tatu alikuwa mwembamba, mpole, machozi bado yako karibu. Mama yao aliacha kidani, bangili nne na jozi ya mafurungu. Walishakubaliana. Tatu alitaka furungu moja tu, zima, la kumkumbuka mama, hata kama lingekuwa pungufu ya fungu lake. Yote mengine ni ya Hamisi, yayeyushwe, apate bati za nyumba anayojenga.

"Sista, nimeomba ruhusa ya nusu siku," Hamisi akaniambia. "Huwezi kuanza kupima?"

Ningesema mwenye mizani hayupo. Badala yake nikaingia ndani, nikaitungua mizani kutoka juu ya kitanda cha mtu, nikaitoa kwenye kanga. Nilitaka waione mikononi mwangu. Nikapima fungu la Hamisi lote, furungu likiwa ndani yake, nikatangaza tola sitini na mbili, maana masonara hupima kwa tola, kwa sauti ya mtu mwenye duka. Hamisi akaandika kwenye pakiti ya sigara. Furungu sikuligonga. Sikusahau kwa sababu ya haraka yake. Nilisahau kwa sababu ya kiburi changu.

Ikaadhiniwa adhuhuri. Hamisi akaenda msikitini, Tatu akaingia chumbani kwa Bi Zuhura kuswali. Moto ulikuwa tayari, nami nikajiambia nitakata tu, wakirudi wakute kazi imesogea. Nikalitia furungu mkasi wa chuma. Likafunguka, na chembe za rangi ya asali zikamwagika mapajani mwangu.

Nilijua saa ileile nimefanya nini. Uzito ule nilioutangaza ulikuwa wa fedha na utomvu pamoja. Ningeweza kuacha kila kitu pale, waje waone, nione haya, yaishe. Niliogopa. Nikazikung'uta zile chembe zote makaani na vipande vya fedha nikavitia kijunguni. Sandarusi ikawaka, uani pakanukia vizuri mno.

Hamisi akarudi, akavuta pumzi.

"Mmefukiza ubani?"

"Ee," nikamjibu.

Neno hilo moja nililibeba miaka minane, na hata leo nikiliandika nasikia vibaya.

Kisha Bi Zuhura akaingia na kopo tupu. Akasimama mlangoni. Akanusa. Akanitazama, akatazama kijungu, akatazama mizani iko nje juu ya mkeka. Akatundika kanga yake ukutani, akashika koleo.

"Vuta," akaniambia.

Vitu vingine vya Hamisi vikaingia kijunguni, akamimina mche mzuri kuliko yote niliyowahi kuona. Ukapoa, ukapimwa mbele yao. Tola hamsini na mbili. Hamisi akatoa pakiti yake ya sigara, akaisoma, akaiweka juu ya mkeka.

"Bi mkubwa, tola kumi zimekwenda wapi?"

"Ndani ya furungu mlikuwa na sandarusi."

"Iko wapi?"

Bi Zuhura akanigeukia. Mie nikatazama mvukuto.

"Imeungua," akasema.

"Na kwa nini limekatwa sie hatupo? Mama yangu alikuwa akisema, kwa Bi Zuhura hakikatwi kitu mwenyewe hayupo. Ndiyo maana tukaja huku, tukaacha masonara wote wa mjini."

"Mama yako alisema kweli. Leo haikuwa hivyo, na kosa limetoka nyumbani kwangu."

Hamisi hakuwa mtu mbaya, nataka mlielewe hilo. Alikuwa na haki. Akafikiri, akasema jambo la busara kabisa.

"Lipo furungu la pili. Ni jozi moja. Sauti ya kugonga sie hatuijui, likatwe tuone. Likiwa na sandarusi, nitakuomba radhi mbele ya mtaa mzima."

Tatu alikuwa ameshalivaa. Aliurudisha mguu polepole chini ya kanga yake.

Hapo palitakiwa neno moja tu, kateni, na jina la Bi Zuhura lingetoka safi. Nililisubiri neno hilo, Mungu anisamehe, maana lingeniokoa na mie.

"Hilo halikatwi," Bi Zuhura akasema.

"Litobolewe tundu dogo tu?" Tatu akauliza kwa sauti ndogo, kama anayemsemea mama yake.

"Hata tundu, mwanangu. Fedha ya zamani ukiitoboa baridi inapasuka, ukiipasha moto utomvu unaifumua. Nikiligusa siwezi kukuahidi litabaki furungu. Wewe hukulileta liharibiwe."

"Ukikataa, nitajua umekula," Hamisi akasema.

"Jua unavyojua, baba."

Akaomba sabuni. Nikamletea. Akapaka povu kwenye kifundo cha mkono na kuanza kuvuta zile bangili mbili. Zilikuwa hazijatoka tangu harusi yake, mfupa ulikuwa umekua ndani yake. Alivuta muda mrefu. Zilipotoka akaziweka mizani mbele ya Hamisi, zikazidi kumi kidogo, akazikata mbele yake, akazitia kijunguni mbele yake. Nilivuta mvukuto nikilia. Hakuzichanganya na mche wa kwanza. Akatoa mche mwingine mdogo, akagonga nukta tatu, akamkabidhi. Hamisi akachukua miche yote miwili akaondoka bila kuaga. Tatu akaaga.

Walipotoka nikaanza, "Bi Zuhura, mie ndiye..."

"Mie nilishasikia kwa pua," akanikatiza. "Ukitaka kusema, kamwambie mwenye fungu."

Sikwenda. Nilijiambia nitakwenda Jumatatu, kisha mwezi mtukufu ukiisha, kisha sijui anapokaa, na huku napajua. Uoga ukizoea hauna shida ya sababu.

Habari ilifika Kinondoni kabla ya magharibi. Kama hakula, mbona amelipa, ndivyo walivyosema, nami ningesikia habari hiyo ya mtu mwingine ningesema hivyohivyo. Waliokuwa wameacha vitu kwetu wakaja kuvichukua kwa kisingizio cha arusi. Wanawake waliokuwa wakikaa mkekani mpaka chai ya pili walipita mbali. Bi Zuhura aliendelea kuifuta mizani kila asubuhi, iwe na kazi isiwe nayo. Kwenye kifundo cha mkono ngozi ilikuwa nyeupe pale bangili zilipokaa, na weupe ule ulichukua zaidi ya mwaka kufifia. Niliutazama kila siku nikivuta mvukuto. Sidhani kama kuna jela yenye dirisha zuri zaidi kwa mkosaji.

Nilimuuliza mara moja kwa nini hanifukuzi.

"Wewe umeshaunguza sandarusi ya mtu," akasema. "Hutarudia. Nikileta mwingine, itabidi aunguze ya kwake kwanza, na bangili sina tena."

Katika miaka ile ya ukame ndipo aliponifundisha kila kitu, maana nafasi tulikuwa nayo. Kusikia furungu. Kujua kwa rangi ya moto bila kuweka kitu ndani. Kumwambia mteja habari mbaya mapema, wakati bado anaweza kuchukua mali yake na kuondoka. Hilo la mwisho nililijifunza polepole kuliko mengine. Wateja walirudi mmoja mmoja, kwanza wageni wasioijua habari, kisha wale walioijua na kuchoka na njoo kesho za mjini. Lakini wa Kinondoni hawakurudi.

Macho yake yakaingia ukungu, koleo likahamia kwangu. Yeye alikaa kwenye mkeka na kusikiliza. Akisikia mvukuto tu alijua fedha imefika wapi.

Mwaka wa nane, asubuhi moja, mtu akabisha hodi. Alikuwa Tatu, mnene kidogo sasa, na mtoto mgongoni. Akamwamkia Bi Zuhura, akakaa, akafungua kitambaa. Lilikuwa furungu la mama yake.

"Limepasuka lenyewe hapa pembeni," akaniambia. "Na linatoa mchanga. Nikilivaa, mguu wote una mchanga wa njano. Naomba mlitengeneze."

Nililipokea. Kwenye ule ufa kulikuwa na chembe moja ya rangi ya asali. Bi Zuhura alikuwa amegeuza uso wake upande wetu, wala hakunisaidia hata kwa kikohozi. Angeweza kusema yeye. Miaka minane angeweza kusema. Alikuwa amenisubiri mie.

Nikaliweka furungu chini.

"Tatu," nikasema, "huu si mchanga. Ni sandarusi. Na lile la kaka yako lilikuwa na sandarusi vilevile. Niliitoa mie mlipokwenda kuswali, nikaichoma mie, kaka yako aliponiuliza ubani nikamdanganya mie. Bi Zuhura alikuwa foleni. Alinikataza nisipime, nikapima. Hajala kitu chenu. Bangili zake mmechukua bure."

Tatu alinitazama mpaka mtoto akaanza kulia mgongoni, akamtikisa, akaendelea kunitazama.

"Harufu niliisikia nikiwa kwenye mswala," akasema mwishowe. "Nikadhani mama amekuja kuniaga. Miaka yote nimekuwa nikijiambia hivyo." Kisha akasema, "Msiliguse. Namleta Hamisi. Hakikatwi kitu mwenyewe hayupo, na siku hii mwenyewe ni yeye pia."

Akamleta siku ya pili. Hamisi alikuwa ameota mvi, saa ileile mkononi. Alikaa kwenye mkeka bila kuegemea. Nikamweleza yote upya, na mara ya pili haikuwa rahisi zaidi. Kisha nikaupanua ule ufa kwa ncha ya msumari, nikalikung'uta furungu taratibu juu ya sinia mpaka likaacha kutoa. Nikaikusanya sandarusi, nikaipima. Tola tisa na kitu. Hamisi aliisoma mizani mwenyewe, akaisoma tena.

Akanitazama mie kwanza, na jicho lile nilistahili. Halafu akatia mkono mfukoni, akatoa kitu kimefungwa kwenye leso. Ulikuwa ule mche mdogo wenye nukta tatu.

"Ule mkubwa niliezekea," akasema. "Huu sikuweza kuuza. Kila nikiushika nakuona unavyovuta bangili kwenye povu." Akasogea mpaka mbele ya Bi Zuhura, akainama. "Shikamoo, Bi Zuhura. Siku ile niliondoka sikukuaga."

Bi Zuhura akaupokea mche, vidole vyake vinaupapasa, vinatafuta nukta, moja, mbili, tatu.

"Marahaba, baba," akasema. "Nyumba haivuji?"

"Haivuji."

"Basi."

Hamisi alitimiza aliyoyasema miaka minane nyuma. Alizunguka mtaa wetu nyumba kwa nyumba, akaenda na Kinondoni, akasema alikosea. Na kwa kuwa ni mtu wa haki alisema na jina langu pia, Somoe mvuta mvukuto ndiye aliyeunguza. Wanawake walirudi, wakanicheka mkekani, wakaniita Mama Ubani. Mnaoniita hivyo leo mnadhani ni kwa sababu napenda kufukiza.

Furungu la Tatu nililiunga kwa fedha tupu, bila chembe ya risasi, nalo ndilo alilovaa bintiye siku ya arusi. Mche mdogo niliugonga siku tatu, nikautolea bangili mbili kwa vipimo vya weupe ule wa mkononi, ambao macho yangu yalikuwa yameuhifadhi hata ngozi ilipousahau. Siku ya nne nikamkalisha Bi Zuhura mkekani, nikaitungua mizani, nikaifungua kwenye kanga. Nilitaka azisikie zikipimwa.

Akanizuia mkono. Akazichukua bangili, akazigonga moja kwa nyingine sikioni kwake. Zililia vizuri.

"Zina kitu ndani?" akaniuliza.

"Bi Zuhura, si umezisikia? Ni fedha tupu."

"Nimezisikia," akasema. "Nilikuwa nataka nikusikie wewe. Haya, pima."